Homa, betri na jasho: maswali ya walezi wa watoto wenye kipandikizi cha koklea

Barua za safari hii zimetoka kwa wazazi, bibi mmoja na mwalimu mmoja, wote wa Uganda, na zote zinahusu watoto wadogo waliowekewa kipandikizi cha koklea. Kwa msomaji mgeni: kifaa hiki kina sehemu mbili. Ya ndani ni kipokezi chenye sumaku kilicholazwa chini ya ngozi nyuma ya sikio, kikiunganishwa na uzi mwembamba wa elektrodi ulioingizwa ndani ya koklea, kiungo cha kusikia kilicho ndani ya sikio. Ya nje ni prosesa yenye maikrofoni na betri, waya, na koili ya mviringo inayonasa kichwani kwa sumaku. Ya nje ikivuliwa, mtoto hasikii, au hasikii cha kumfaa.

Binti yangu ana mwaka mmoja na miezi minane, amepandikizwa miezi mitano iliyopita. Juzi alipata homa, kipimo cha malaria kikaonyesha anayo, akapewa dawa akapona. Jirani yangu muuguzi anasema mtoto wa kipandikizi homa yake isichukuliwe kirahisi. Kwa nini? Chanjo zote za kwenye kadi amepata. (Mama, Arua)

Mama, jirani yako amesema kweli. Ukisahau mengine yote ya ukurasa huu, hili lishike.

Mtoto mwenye kipandikizi yuko kwenye hatari kubwa kuliko watoto wengine ya kupata homa ya uti wa mgongo. Sikio la ndani limepakana na maji yanayozunguka ubongo, na elektrodi zimepitishwa kwenye tundu lililotobolewa na daktari. Usaha wa sikio la kati unaweza kupata njia hapo, hasa kwa mtoto ambaye koklea yake ilizaliwa na kasoro ya umbo. Mwaka 2002 aina moja ya kipandikizi, iliyokuwa na kipande cha ziada cha kusukumia elektrodi, iliondolewa sokoni baada ya wagonjwa kuonekana na homa hiyo. Vya leo havina kipande hicho, lakini hatari haijafika sifuri.

Bakteria anayeongoza ni nimokoka, yule yule wa nimonia. Uganda hutoa chanjo yake, PCV, kwa dozi tatu: wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Chanjo ya Hib, bakteria mwingine anayeweza kuleta homa hiyo, imo ndani ya sindano ya mseto inayotolewa siku hizo hizo. Kwa hiyo kadi ya binti yako ni msingi mzuri, ila kwa mtoto wa kipandikizi kadi haitoshi. Muulize daktari wake mambo mawili. La kwanza, kama anahitaji dozi ya kuongeza nguvu ya PCV kwa kuwa ameshapita mwaka mmoja. La pili, chanjo iitwayo PPSV23, ambayo hukinga aina nyingi zaidi za nimokoka. Hiyo hutolewa mtoto akishatimiza miaka 2, na zipite angalau wiki 8 tangu dozi ya mwisho ya PCV. Haimo katika ratiba ya kawaida ya watoto, kwa hiyo hakuna atakayekuita; ni wewe wa kuitafuta na kuilipia. Kwa mzazi ambaye mtoto wake bado hajapasuliwa: chanjo zikamilike angalau wiki 2 kabla ya upasuaji. Na nyinyi wa West Nile msichanganye mambo: chanjo ya homa ya uti wa mgongo aina A (meninjaitisi A) iliyotolewa kwenye kampeni za kaskazini ni ya bakteria mwingine. Ni nzuri, ila haichukui nafasi ya PCV.

Sasa hiyo homa. Kwetu mtoto akichemka, kitu cha kwanza ni kipimo cha malaria cha tone la damu, na kikitoka chanya safari ya uchunguzi huishia hapo. Hapo ndipo penye hatari. Vipimo vingi vya haraka vinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya malaria kutibiwa, na mtoto anaweza kuwa na malaria na homa ya uti wa mgongo kwa wakati mmoja. Kipimo chanya hakifuti hatari ya pili. Tazama haya: shingo ngumu au kulia unapomwinamisha kichwa, kutapika, kuumwa kichwa, kukimbia mwanga, usingizi usio wa kawaida, degedege, na kwa mtoto mchanga utosi uliovimba. Dalili moja tu kati ya hizo pamoja na homa inatosha kukupeleka hospitali usiku huo huo, sio zahanati ya mtaani. Ukifika, sema kabla ya kuulizwa: "Mtoto huyu ana kipandikizi cha koklea, naomba aangaliwe homa ya uti wa mgongo." Wakisema wanataka kuchukua maji ya uti wa mgongo, wakubalie, kipandikizi hakizuii kipimo hicho.

Sikio linalouma au kutoa usaha nalo litibiwe siku hiyo hiyo, na katika miezi 2 ya kwanza baada ya upasuaji daktari atalitibu kwa uzito zaidi, mara nyingi kwa dawa za kupitia mshipa. Usitie mafuta ya moto, maji ya vitunguu wala matone yaliyobaki kwa mtoto mwingine.

Mwanangu wa miaka miwili ameshajua kufungua prosesa na kutoa betri. Akimeza moja nifanye nini? (Baba, Bombo)

Baba, kwanza ujue anaweza kumeza ipi. Betri za zinki zinazotumika kwenye prosesa nyingi ni namba 675, zenye upana wa milimita 11.6. Nguvu yake ni ndogo na mara nyingi hupita tumboni, lakini hakuna anayeweza kukuhakikishia hivyo bila picha ya eksirei. Hatari zaidi ni betri bapa za lithiamu za milimita 20, za volti 3, zilizomo kwenye rimoti, mizani na midoli inayoimba. Hiyo ikikwama kwenye koo la chakula, umeme wake hutengeneza magadi makali pale inapogusa nyama, na unaweza kuchoma ndani ya muda wa saa 2. Haihitaji kupasuka wala kuvuja.

Ukiona betri imepotea, chukulia imemezwa. Usimtapishe. Usimpe chakula. Kama ameshatimiza mwaka mmoja na unaamini ameimeza ndani ya saa 12 zilizopita, mpe asali, vijiko viwili vya chai (mililita 10), kila dakika 10, isizidi mara 6, huku mkiwa njiani. Asali hupunguza kuungua. Haitoi betri, na isikucheleweshe hata dakika tano kuitafuta dukani. Mtoto wa chini ya mwaka asipewe asali kabisa. Mwambie mpiga picha ni betri, kwa sababu kwenye eksirei hufanana na sarafu. Betri huonyesha ukingo wa duara mbili. Ikiwa sumaku ya koili nayo haionekani, liseme hilo kwa sauti: betri na sumaku pamoja, au sumaku mbili, hubana kuta za utumbo katikati na kuzitoboa. Betri iliyosukumwa puani au sikioni ni dharura vile vile, kwani huunguza hapo pia.

Kuzuia ni rahisi kuliko yote hayo. Prosesa za watoto huwa na kitasa cha mlango wa betri, ama skrubu ndogo ama pini ya kusukuma. Watu wa kliniki husahau kukionyesha, na wazazi wengi hukaa miaka bila kujua kipo. Waulize. Betri zilizoisha usiziweke mezani. Zibandike utepe wa gundi pande zote mbili, uziweke kwenye kopo lenye mfuniko wa kuzungusha, juu ya kabati. Na uzihesabu.

Hapa Jinja joto na unyevu ni vingi, na mtoto hatulii. Prosesa inakatika-katika mchana. Watu wananishauri niilaze kwenye mchele. (Mama, Jinja)

Mchele uupike. Haunyonyi unyevu wa kutosha, na vumbi lake la wanga huingia kwenye matundu ya maikrofoni na kuziba. Juani usiianike, karibu na sigiri usiiweke, na mashine ya kukaushia nywele usiielekeze huko. Joto hulegeza gundi na kuharibu betri.

Kinachokausha ni silika jeli ndani ya chombo kinachofunga sawasawa. Kila jioni mtoto akishavuliwa, fanya hivi: toa betri, kwa sababu zile za zinki hukauka zenyewe zikilala humo na kufa mapema. Futa prosesa kwa kitambaa kikavu laini. Chomoa waya na koili kwa kushika kichwa cha plagi, kamwe usivute waya, na uangalie kama pini zina ukungu mweupe au kijani. Laza vyote kwenye chombo, funga, acha hadi asubuhi, isipungue saa 8. Punje za silika hubadili rangi zikishajaa maji. Maelezo ya pakiti yako yatakuambia rangi ipi ni ipi, na kama zinaweza kukaushwa na kutumika tena. Kwa hali ya hewa ya pwani ya ziwa zitajaa mapema kuliko pakiti inavyoahidi, basi amini rangi kuliko tarehe. Zipo pia mashine ndogo za umeme za kukausha, na kama fedha ipo, kwa mji kama Jinja ni matumizi mazuri kuliko vipodozi vyote vya prosesa unavyouziwa.

Vifuniko vya maikrofoni hubadilishwa kila miezi 3 hivi, kwa mtoto wa jasho na vumbi mapema zaidi. Hivi ndivyo vinavyosahaulika. Kikiziba, prosesa huwaka taa kama kawaida, betri ni nzima, na mtoto anasikia kama mtu aliyefunikwa blanketi. Mzazi hudhani mtoto amekuwa mkaidi.

Ikianguka kwenye beseni: itoe mara moja, toa betri, kung'uta maji, futa, weka kwenye kikaushio angalau saa 12, kisha jaribu kwa betri mpya. Maziwa na soda ni vibaya kuliko maji kwa sababu huacha sukari. Pangusa kwanza kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Kuhusu kuoga na kuogelea, sehemu ya ndani haidhuriki na maji kidonda kikishapona. Ya nje ivuliwe, isipokuwa mna mfuko wake maalumu wa kuzuia maji uliotengenezwa na kampuni ile ile. Kavera, yaani mfuko wa plastiki, haitoshi.

Mtoto wangu anaivua kila saa, na nikimbeba mgongoni inadondoka. Nimeona pia alama nyekundu chini ya sumaku. Nibadili sumaku iwe kali zaidi? (Mama, Mbale)

Hapana Dada, tafadhali usifanye hivyo bila mtaalamu wake wa usikivu. Alama nyekundu inamaanisha sumaku huenda tayari ni kali mno kwa ngozi ile. Ikikazwa zaidi, ngozi hukosa damu, hufa, na kidonda kikifunguka juu ya kipandikizi, vijidudu vimepata mlango. Huko mwisho wake unaweza kuwa upasuaji wa kukitoa. Angalia ngozi asubuhi na jioni. Wekundu unaofifia haraka unavumilika. Usiofifia, au ngozi iliyochubuka, yenye maji au maumivu: acha kuweka koili upande huo na upige simu kliniki.

Jambo moja ambalo huwapata wengi hapa kwetu ni kunyoa. Mtoto ananyolewa kipara kabla shule kufungua, na sumaku iliyopimwa juu ya nywele za wiki sita sasa inabana ngozi tupu. Siku chache baadaye alama inatokea na hakuna anayeunganisha mambo hayo. Basi ama nywele zibaki urefu ule ule mwaka mzima, ama kliniki ikupe sumaku mbili za nguvu tofauti na ikuonyeshe lini utumie ipi. Kwa wasichana, msuko mnene au nywele za kuongeza zisipite mahali pa koili. Waambie wasusi waache duara la ukubwa wa kizibo kikubwa.

Kuhusu kubebwa: kichwa kikiegemea mgongo wako upande wa kipandikizi, koili husuguliwa na kutoka. Mgeuze uso upande wa pili, au mvishe kofia laini ya kitambaa chepesi yenye kamba za kidevuni, ile inayopitisha sauti. Kuna pia vishikizo vya kubana prosesa kwenye mgongo wa nguo, waya mrefu ukipanda hadi kichwani. Kwa watoto wa chini ya miaka 3 ndio mpangilio unaotufurahisha zaidi, kwa kuwa sikio changa haliwezi kubeba uzito. Chochote utakachochagua, kamba ya usalama iwepo daima, kibano chake kikiwa mgongoni asikofikia mkono. Prosesa moja hugharimu maelfu ya dola, na nyingi hupotea kwenye taksi na sokoni.

Kuvua-vua kwa mtoto mdogo ni kawaida. Mrudishie kila mara bila ugomvi, dakika hiyo hiyo, huku ukimpa kitu mikononi. Lengo ni muda wote anapokuwa macho; chini ya saa 10 kwa siku ubongo wake unapata kidogo mno cha kujifunzia. Lakini mtoto aliyekuwa akivaa vizuri na ghafla leo anakataa, huyo anakuambia jambo. Huenda sumaku inauma, sikio lina maambukizi, waya unapasua sauti, au mpangilio mpya wa sauti aliowekewa kliniki ni mkali. Kama ni baada ya kliniki, rudi kwenye programu ya chini yake na uwaarifu. Kumlazimisha avae sauti inayomuumiza kutamfanya aiogope.

Alianguka kutoka kwenye ngazi akaumia pale pale penye kipandikizi. Pamevimba laini kama pana maji. Zahanati wanataka kuyavuta kwa sindano. (Baba, Gulu)

Baba, wakatalie kwa upole lakini wakatalie. Sindano inaweza kuingiza vijidudu kwenye kifaa, na hayo ni madhara makubwa kuliko uvimbe wenyewe, ambao mara nyingi hunywewa na mwili. Vua koili, usiibane juu ya uvimbe, na umfikishe kwa daktari wa masikio. Hospitali ya rufaa iliyo karibu ipigie simu hospitali ya Mulago, Kampala, au timu iliyompasua. Ikiwa alipoteza fahamu, anatapika au anasinzia isivyo kawaida, kichwa chake kije kwanza, kipandikizi baadaye. Uvimbe ukishuka, kliniki itapima elektrodi moja moja. Mtoto anaweza kuonekana anasikia wakati elektrodi kadhaa zimekufa, kwa hiyo kipimo hicho usikiruke.

Nakala ya kadi ya kipandikizi iweke mfukoni mwako na picha yake kwenye simu, kwani daktari wa dharura atahitaji kujua kampuni na modeli. Mwambie haya: eksirei na sitiskani hazina neno. Kipimo cha MRI, kinachotumia sumaku yenye nguvu kupiga picha, kisifanywe mpaka modeli ijulikane. Baadhi huruhusu, baadhi hutaka sumaku ya ndani itolewe kwanza, na prosesa haiingii chumba hicho kamwe. Kwenye upasuaji wa kichwa na shingo kisu cha umeme cha ncha moja hakiruhusiwi, kitumike cha ncha mbili. Na tiba ya viungo ya kupasha joto kwa mawimbi ya umeme isifanywe.

Umeuliza pia kuhusu bodaboda. Sheria inamtaka abiria naye avae helmeti, na ya mtoto iwe ya saizi yake. Ya mtu mzima huzunguka kichwani na kugonga kipokezi. Helmeti husukuma koili, kwa hiyo vua prosesa, iweke kwenye kikopo kigumu mfukoni mwako, mwambie mtoto kabla hujaivua, na akae katikati yako na dereva. Dakika ishirini za kutosikia tunazikubali. Helmeti ikikosekana, pandeni taksi.

Na bembea za kuteleza za plastiki? Hizo, pamoja na nyumba za kupulizwa upepo za kwenye sherehe, hukusanya umeme mwilini mwa mtoto, ule unaokufanya ushtuke ukigusa chuma. Unaweza kuvuruga programu ndani ya prosesa, hasa za zamani. Ivue kabla hajapanda, na akishuka mguse mwili kwanza ndipo ushike kifaa. Sweta la nailoni nalo livuliwe prosesa ikiwa imeshatoka. Wa Karamoja wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu, wana sababu zaidi ya kuzingatia hili kuliko wa Entebbe.

Nimepokea mtoto wa aina hii darasa la chekechea. Nitajuaje asubuhi kuwa mashine inafanya kazi, na nifanye nini mvua ikipiga mabati? (Mwalimu, Masindi)

Mwalimu, taa ya prosesa haikuambii mtoto anasikia nini. Tumia sauti sita: aa, ii, uu, sh, s, m. Zimechaguliwa kwa sababu zinagusa nzito hadi nyembamba, m na uu chini, s juu kabisa. Simama nyuma yake umbali wa mita 1, asione midomo, zitamke kwa sauti ya kawaida bila mpangilio, ukiacha vipindi vya kimya visivyolingana ili asikisie. Kila akisikia adondoshe kisoda kwenye kopo. Akizoea, azirudie kwa mdomo. Kisha rudia kutoka mita 3. Ni kazi ya dakika mbili. Akikosa zote: betri, waya au koili, na ubadili kwa mpangilio huo, kimoja kimoja, ukitumia vya akiba ambavyo mzazi anapaswa kuviacha shuleni. Akikosa s na sh peke yake, shuku kifuniko cha maikrofoni. Andika daftarini kila siku, maana mtaalamu wa usikivu atakapolisoma atapata cha kufanyia kazi.

Mkalishe mbele, upande wenye kipandikizi ukielekea kwako, mbali na dirisha la barabarani. Sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapozidishwa mara mbili, kwa hiyo hatua mbili za kumkaribia zinamsaidia kuliko kupaza sauti, na kelele za kupaza humharibia matamshi. Mvua ikishika mabati, kubali kwamba kipindi cha kusikiliza kimekwisha: chora, andika, onyesha. Kama mzazi ana maikrofoni ya mbali ya kuvaa shingoni, ivae, na uizime ukienda kuzungumza na mtu nje, kwani mtoto anakusikia hata huko.

Adhabu ya viboko imekatazwa mashuleni na sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016. Kwa mtoto huyu kofi la sikio linaweza kuvunja kifaa kilichoko ndani ya kichwa. Waambie walimu wenzako wote, na viranja, waziwazi. Mwenye kipandikizi kimoja pia hajui sauti imetoka wapi. Ataisikia honi na kukimbilia upande wa gari. Wakati wa kutoka ashikwe mkono hadi ng'ambo.

Mjukuu wangu akivuliwa usiku haniitikii kabisa. Tumfundishe lugha ya alama, au itamzuia kusema? (Bibi, Busia)

Bibi, pokea heshima zetu. Mfundisheni. Haitamzuia. Atavuliwa kila usiku na kila akioga, betri zitaisha, waya utakatika, na siku hizo zote atahitaji njia ya kusema anaumwa au anaogopa. Katiba ya mwaka 1995 inaitaka nchi iendeleze lugha ya alama, na kuna watu wazima viziwi wanaoifundisha vizuri. Ombeni mwalimu kupitia chama cha viziwi cha wilaya. Masharti yetu ni moja tu: mchana prosesa iwe kichwani na nyote mzungumze naye sana, kwa lugha mnayoijua vizuri kabisa nyumbani, iwe Kisamia, Kiswahili au nyingine.

Usiku msimwamshe kwa kumtikisa ghafla. Mguse begani, washa tochi ukutani, akuone uso. Na mtu mzima mmoja, mwenye jina, apewe kazi ya kumtoa nje nyumba ikiungua au mvua ikibomoa, maana kelele za kuamshana hazimfikii.

Umeme wa Yaka (mita ya kulipia kabla) unakatika hadi kesho yake. Nitachaji vipi? (Mama, Kampala)

Betri ya kuchaji ikiwa mpya huendesha prosesa nyingi siku nzima ya mtoto, lakini hupungua nguvu kadiri miaka inavyokwenda. Kuwa na mbili, moja kichwani, moja imejaa. Chaja nyingi za sasa hukubali plagi ya simu, kwa hiyo pawabenki au sola yenye tundu la USB inatosha. Umeme ukikatika chomoa chaja ukutani, kwa kuwa unaporudi huja na mshindo.

Akiba isiyohitaji umeme ni kishikio cha betri za zinki, kama modeli yako inacho. Pakiti ziwe zimeandikwa kwamba ni za vipandikizi. 675 za kawaida za visaidizi vya kusikia huishiwa haraka au haziiwashi prosesa kabisa. Nawa mikono, bandua karatasi, subiri dakika 5 betri ivute hewa, ndipo uiweke. Ukishabandua huwezi kuisimamisha kwa kuibandika tena. Mbili zikiwemo, badili zote mbili pamoja.